Ganzi ya miguu baada ya shimio: dawa inakata njia ndani ya mishipa ya fahamu

Mara nyingi ni kaa la moto linaloleta habari. Mama ameketi kando ya mbabula, anageuza makala, kaa moja linaanguka juu ya kidole cha mguu, na wa kwanza kujua si yeye. Ni mtoto aliyesikia harufu ya ngozi inayoungua. Ama ni kandambili: ametoka nayo nyumbani, anafika sokoni na mguu mmoja mtupu, hajui imebakia wapi. Ama ni vifungo vya blauzi, ambavyo tangu serumu ya tatu vidole haviviwezi tena, na noti za franga zinazohesabiwa mara mbili, mara tatu, kwa sababu vidole havitofautishi noti moja na mbili zilizoshikamana.

Wagonjwa wa kansa wanaopewa kemotherapi, ile ambayo huku Bukavu na Goma wengi wanaiita tu « shimio », wanaijua hali hii. Wanaijua pia wale waliovuka mpaka kwenda kutafuta matibabu Kigali, Butaro ama Kampala. Inaanza kama sindano ndogo ndogo kwenye vidole vya miguu, inageuka kuwa ganzi, na kwa wengine inakuja na maumivu ya kuungua ambayo yanazidi usiku. Madaktari wanaiita neropati, maana yake ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Majirani wana majina yao. Huyu anasema ni karuho, yule anasema mtu ametupiwa kitu njiani, wa tatu ananong'ona kwamba kansa sasa imeshuka miguuni. Maelezo hayo yanagharimu: la kwanza na la pili linapeleka pesa za serumu kwa muganga wa kienyeji, la tatu linamfanya mgonjwa aache matibabu akiamini kwamba yameshindwa. Ukweli ni kwamba, kwa mgonjwa aliyeanza kuhisi hivyo katikati ya matibabu, mara nyingi sana mwenye kosa ni dawa yenyewe, hata pale inapofanya kazi yake vizuri dhidi ya kansa.

Na si jambo la watu wachache. Mwaka 2014, watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa zinazojulikana kuumiza mishipa. Mwezi wa kwanza baada ya kumaliza shimio, watu karibu 68 kati ya 100 walikuwa na dalili hizo. Baada ya miezi mitatu walikuwa 60. Baada ya miezi sita ama zaidi, bado 30.

Seli moja, mita moja

Ili kuelewa kwa nini miguu inaumia kwanza, inafaa kujua umbo la seli yenyewe. Seli nyingi za mwili ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Seli inayobeba hisia za kidole kikubwa cha mguu nayo ina kiini kilichokaa ndani ya sehemu ndogo tu, tuiite kichwa chake, ambacho kimejificha kwenye kifundo kando ya uti wa mgongo, upande wa kiuno. Lakini kutoka kwenye kichwa hicho kunatoka uzi mwembamba unaopita pajani, nyuma ya goti, kwenye kisigino, hadi ncha ya kidole. Kwa mtu mzima uzi huo unafikia karibu mita moja, na wote ni sehemu ya seli ile ile moja.

Sehemu kubwa ya vitu ambavyo uzi huo unahitaji ili kuishi vinatengenezwa huko juu, kwenye kichwa cha seli. Ni lazima visafirishwe. Ndani ya uzi kuna mirija midogo sana iliyopangwa kama reli, iliyojengwa kwa protini inayoitwa tubulini. Juu ya reli hizo protini nyingine zinatembea kama wabebaji wa mizigo: zinashusha chakula na vipuri hadi kwenye kidole, zinarudisha juu takataka na ujumbe. Safari hiyo haisimami mchana wala usiku.

Sasa mtu yeyote wa Kivu ya Kusini anajua kinachotokea barabara ya kwenda Shabunda inapokatika. Bukavu watu bado wanakula. Vijiji vya karibu vinahangaika kidogo, vinapata namna. Shabunda, mwisho wa njia, ndiko chumvi na sabuni vinapotea kwanza na bei inapanda mpaka haishikiki. Mwili unafuata hesabu ile ile. Uzi mrefu kuliko wote ndio unaoteseka kwanza, kwa hiyo ganzi inaanza kwenye vidole vya miguu na kupanda polepole. Vidole vya mikono vinafuata, ama vinaanza pamoja nayo. Kwenye karatasi za hospitali madaktari wanaandika kwamba mgonjwa ana ganzi ya « soksi na glavu », kwa sababu ndiyo ramani ambayo mgonjwa mwenyewe anaichora kwa mkono wake anapoulizwa inamshika wapi.

Kuna swali jingine ambalo wagonjwa wanauliza, nalo ni la akili: kwa nini mguu bado unatembea lakini hausikii? Jibu liko kwenye makao ya seli. Seli zinazoamuru misuli zina vichwa vyao ndani ya uti wa mgongo, nyuma ya ukuta unaozuia dawa nyingi zilizo kwenye damu zisiingie. Seli za hisia vichwa vyao viko nje ya ukuta huo. Vile vifundo vya kando ya uti wa mgongo vina mishipa ya damu inayovuja, na dawa inayopita kwenye damu inaingia humo bila kubisha hodi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupanda kilima cha Kadutu kwa miguu yake mwenyewe na asijue kwamba ana msumari kwenye soli.

Reli ambazo kansa pia inazihitaji

Karibu kila mtu mashariki mwa Kongo amekwisha kuona ua moja dogo la rangi ya waridi ama jeupe, lenye petali tano na jicho katikati, linalopandwa mbele ya nyumba. Wataalamu wanaliita Catharanthus roseus na asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Katika nchi nyingi watu walichemsha majani yake kwa kutibu ugonjwa wa sukari. Habari hiyo ndiyo iliyoyafikisha majani hayo kutoka Jamaika hadi Kanada, kwa Robert Noble na Charles Beer. Sukari haikushuka kama walivyotarajia. Walichokiona ni chembe nyeupe za damu zikipungua sana kwa wanyama waliopewa maji ya majani hayo, na mwaka 1958 walitangaza dawa ya kwanza iliyotokana nayo, vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, ilipatikana katika maabara ya kampuni ya Eli Lilly na ikaruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Vinkristini ingali inatumika duniani kote, zaidi kwa watoto wenye kansa ya damu, kansa ya figo, na uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958 na ambao hadi leo unawapata watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, mashariki mwa Kongo yakiwemo. (Kwa anayefikiria kuchemsha maua ya uani mwake: majani hayo ni sumu, hakuna anayeweza kupima kipimo chake kwenye sufuria, na hospitali inatumia miligramu moja ama mbili tu kwa mara moja.)

Dawa hiyo inaua kansa kwa njia gani? Seli inapotaka kugawanyika kuwa mbili, inajenga reli za tubulini kwa kuvuta urithi wake pande mbili. Vinkristini inashika vipande vya tubulini na kuvizuia visijenge reli. Seli ya kansa, ambayo inagawanyika bila kupumzika, inakwama katikati na kufa.

Dawa ya pili maarufu inafanya kinyume. Paklitakseli, inayotolewa kwa kansa ya maziwa, ya ovari, na pia kwa kansa ya ngozi ya Kaposi inayowapata watu wenye virusi vya UKIMWI, ilitoka kwenye ganda la mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani. Ganda hilo lilikusanywa mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza umbo la dawa mwaka 1971. Na mwaka 1979 Susan Horwitz wa New York alionyesha namna inavyofanya kazi. Haizuii reli zisijengwe. Inazikaza, zisiweze kubomolewa tena. Na reli ambayo haibomoki haina faida kwa seli, kwa sababu kazi yake inahitaji kujenga na kubomoa kila wakati.

Seli ya hisia haigawanyiki. Kwa mtu mzima imekwisha kumaliza hiyo kazi tangu zamani. Lakini inategemea reli zile zile kwa chakula cha kila siku, na dawa haijui kutofautisha reli ya kansa na reli ya mguu. Vinkristini inabomoa, paklitakseli inagandisha, na matokeo kwenye ncha ya kidole yanafanana: mzigo haufiki. Vinkristini inakwenda mbali zaidi, inaweza kugusa hata mishipa ya misuli na ya utumbo. Mtoto anaanza kuburuta mguu, ama anapitisha siku nyingi bila kwenda choo huku tumbo likiuma, na mzazi hafikirii hata kidogo kwamba tumbo na miguu vina sababu moja.

Platini, na baridi inayochoma

Kundi la dawa zenye platini halihangaiki na reli. Historia yake ilianza kwa bahati: mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Michigan State, Barnett Rosenberg alipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria akitumia vyuma vya platini, na bakteria wakaacha kugawanyika. Umeme haukuwa na neno. Platini iliyotoka kwenye vyuma ndiyo iliyofanya kazi. Sisplatini ilitokana na hapo na ikaruhusiwa mwaka 1978.

Sisplatini inashikamana na urithi wa seli, yaani DNA, na kuufunga usiweze kusomwa vizuri. Katika vile vifundo visivyo na ukuta inajikusanya, inaharibu DNA ya kiini na ile ya mitokondria, viwanda vidogo vinavyotengeneza nguvu za seli. Hapa si barabara iliyokatika, ni depo yenyewe iliyoungua, ndiyo maana uharibifu wake unaweza kuwa mgumu zaidi kurudi nyuma.

Platini ina tabia nyingine ambayo imewatia wagonjwa wengi hofu bure. Ganzi inaweza kuendelea kuongezeka miezi miwili, mitatu, hata zaidi baada ya serumu ya mwisho. Mtu amemaliza matibabu, amerudi kijijini, ndugu wamefurahi, na sasa miguu inazidi kufa. Ni rahisi kufikiri kwamba kansa imerudi. Mara nyingi ni platini iliyobaki ndani ya seli, inaendelea na kazi yake baada ya mgonjwa kutoka hospitali. Mgonjwa anayeambiwa jambo hili mapema halali na hofu hiyo. Asiyeambiwa anaanza kuzunguka kutafuta maombi na dawa za mizizi.

Oksaliplatini, ya kansa ya utumbo mkubwa, ina mambo yake ya pekee. Saa chache ama siku chache baada ya serumu, kitu chochote cha baridi kinachoma: maji ya asubuhi, chuma cha kufuli, upepo wa ziwa. Anayekunywa maji ya frigo anaweza kuhisi koo limefungwa na pumzi imekatika, ingawa hewa inaendelea kupita. Dawa hiyo inavuruga milango midogo ambayo chumvi inapitia kuingia na kutoka kwenye mishipa, na mishipa inapiga kelele bila sababu. Hali hiyo kwa kawaida inapita baada ya siku kadhaa, lakini inarudi na serumu inayofuata. Kwa Bukavu, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, glavu za sufu na maji ya uvuguvugu si anasa kwa mgonjwa wa namna hiyo.

Uzi unaojikata wenyewe

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba uzi wa neva unakufa kama mmea uliokosa maji, unanyauka tu. Mwaka 2012, utafiti uliotolewa katika jarida la Science ulionyesha kwamba ndani ya uzi kuna protini, SARM1, ambayo kazi yake ni kuuangamiza. Wakati wa kawaida imelala. Kinachoifanya ilale ni protini nyingine, NMNAT2, ambayo haikai muda mrefu: inaharibika baada ya saa chache, na lazima mpya iletwe kutoka kwenye kichwa cha seli kupitia reli zile zile.

Reli zikiharibiwa na dawa, mlinzi haji. SARM1 inaamka, inakula akiba ya kitu kinachoitwa NAD ambacho seli haiwezi kuishi bila hicho, na uzi unavunjika vipande vipande. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, huko St. Louis, walitoa habari ya panya waliozaliwa bila SARM1: walipewa vinkristini, na mishipa yao haikuharibika kama ya panya wengine. Tangu hapo makampuni yanatafuta dawa ya kuilaza SARM1 kwa binadamu. Haijafika kwenye farmasi yoyote, wala Bukavu wala Paris.

Watoto wa Eldoret, watoto wa Malawi

Si kila mwili unaumia sawa. Ini linavunja vinkristini kwa msaada wa kimengenya kinachoitwa CYP3A5, na watu wengi wenye asili ya Afrika wanacho cha kutosha, kuliko watu wenye asili ya Ulaya. Huko Eldoret, Kenya, watafiti waliofuatilia watoto wenye kansa walikuta wengi wao, karibu wote, wamerithi aina hiyo inayovunja dawa haraka. Matokeo hayo, yaliyotolewa mwaka 2018, yalifungua hata swali la upande wa pili: je, baadhi ya watoto wa Kiafrika hawapati dawa kidogo kuliko wanavyoweza kuvumilia?

Ila kabla ya kushangilia, kuna Malawi. Mwaka 2010 watafiti walipima watoto wa huko wenye kansa ya figo na wenye utapiamlo, wakaona kwamba miili yao inachelewa kuitoa vinkristini kwenye damu. Kipimo kile kile kinakaa ndani muda mrefu zaidi. Kwa majimbo ambamo familia zimekimbia mashamba yao mara mbili, mara tatu, na mtoto anafika hospitali akiwa mwepesi kama kuku, habari ya Malawi ina uzito kuliko ya Eldoret. Kumlisha mtoto kabla na wakati wa matibabu ni sehemu ya kulinda mishipa yake.

Kuna hatari nyingine ambazo daktari hawezi kuzijua kama haambiwi. Ugonjwa wa sukari na pombe nyingi vinadhoofisha mishipa kabla shimio haijaanza. Izoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuleta ganzi yake yenyewe kwa kupunguza vitamini B6. Dawa fulani za fangasi, kama itrakonazoli, zinazuia ini kuvunja vinkristini na sumu yake inapanda. Mgonjwa anayenunua vidonge vya fangasi sokoni bila kusema anaweza kuwa anajiongezea shimio bila kujua.

Kinachozuia, na kisichozuia

Shirika la madaktari wa kansa wa Marekani, ASCO, lilipitia ushahidi wote mwaka 2014 na tena mwaka 2020. Hakuna dawa hata moja lililopendekeza kwa kuzuia ganzi hii isitokee. Moja hata lilikataza: asetili-karnitini, inayouzwa kama nyongeza ya nguvu. Katika jaribio la wanawake wenye kansa ya maziwa, waliopewa kidonge hicho waliharibika mishipa kuliko wasiopewa.

Jambo hili linapaswa kusikika hapa kwetu, ambako desturi ni kukimbilia farmasi ya kona kununua « B complexe » mara mguu unapokufa ganzi. Vitamini B6 kidogo inamsaidia anayeikosa, mfano anayekunywa izoniazidi. Lakini B6 nyingi, kwa miezi mingi, yenyewe ni sumu ya seli zile zile za hisia. Mtu anaweza kulipa pesa kwa kuongeza ganzi aliyotaka kuiondoa.

Kwa maumivu yaliyokwisha kuingia, dawa moja ndiyo iliyopata alama nzuri: duloksetini, inayojulikana zaidi kama dawa ya huzuni. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2013 lenye wagonjwa 231, watu 59 kati ya 100 waliopewa duloksetini kwanza walisema maumivu yamepungua walau kidogo, dhidi ya 38 kati ya waliopewa kidonge kitupu. Si muujiza. Na inapunguza maumivu, hairudishi hisia. Mgonjwa anayeandikiwa dawa hiyo asidhani daktari amemwona ana kichaa.

Njia nyingine zinajaribiwa. Huko Kyoto, Japani, wagonjwa 36 waliokuwa wanapewa paklitakseli walivaa glavu na soksi za barafu upande mmoja tu wa mwili, upande wa pili ukiachwa hivi hivi. Mkono uliopozwa ulihifadhi hisia zake vizuri zaidi, kwa sababu baridi inabana mishipa ya damu na dawa kidogo inafika kwenye vidole. Lakini barafu ya saa moja na nusu inahitaji umeme usiokatika, na kwa mgonjwa wa oksaliplatini, aliyekwisha kuogopa baridi, njia hiyo haifai.

Inayoweza kufanyika hata pasipo na umeme ni mazoezi ya kusimama. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2024, wenye wagonjwa 158 waliopewa oksaliplatini ama dawa za jamii ya vinkristini, uliwaweka baadhi yao kwenye mazoezi ya usawa wa mwili mara mbili kwa wiki wakati wa matibabu: kusimama mguu mmoja, kusimama juu ya kitu laini, kuongeza ugumu polepole. Ganzi iliwapata 3 kati ya 10. Kwa walioachwa bila mazoezi iliwapata 7 kati ya 10. Ukuta wa kujishikia na mtu wa kusimama karibu vinatosha kwa kuanza.

Silaha kubwa, hata hivyo, bado ni ya daktari: kupunguza kipimo, kuchelewesha serumu kwa wiki moja, ama kubadili dawa. Na daktari hawezi kuitumia kama hajui. Ndipo tatizo lilipo. Mgonjwa aliyeuza mbuzi na kukopa kwa ndugu, aliyepita vizuizi na barabara zisizo salama ili afike siku ya serumu, anaogopa kwamba akisema miguu imekufa ganzi, serumu itafungwa. Anajibu « sijambo » na kuingiza mkono. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini ganzi inayosemwa ikiwa bado kwenye vidole ina nafasi kubwa ya kurudi nyuma kuliko ile inayosemwa ikiwa imefika kwenye goti, na kusitisha dawa kabisa si hatua ya kwanza ya daktari. Kibaya zaidi ni yule anayejikatia matibabu mwenyewe, kimya, akibaki nyumbani.

Kuipima hakuhitaji mashine. Pamba inayopitishwa juu ya vidole macho yakiwa yamefungwa. Uma wa chuma unaotetemeka unaowekwa juu ya mfupa wa kidole kikubwa. Na maswali machache ambayo muuguzi anaweza kuuliza kabla ya kutundika serumu. Unafunga vifungo mwenyewe? Kandambili inatoka bila wewe kujua? Unajikwaa usiku? Unaangusha sahani?

Nyumbani, kwa yule ambaye miguu haisikii tena, macho yanafanya kazi ya ngozi. Kila jioni miguu inaangaliwa kwa taa, hata soli, mtoto akisaidia pale mzee haoni. Maji ya kuoga yanapimwa kwa kiwiko, si kwa vidole vya mguu. Viatu vilivyofungwa vinashinda kandambili, na kabla ya kuvaa vinakung'utwa, kwa sababu jiwe dogo linaweza kutoboa ngozi siku nzima bila kusema kitu. Sufuria inatolewa motoni kwa kitambaa kinene hata kama mkono hausikii moto. Mbabula inasogezwa mbali na miguu.

Kuhusu kurudi kwa hisia, uzi wa neva ulioharibika unaweza kuota tena kama kichwa cha seli bado kizima, lakini mwendo wake ni wa karibu milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi ncha ya kidole kikubwa, hiyo ni miezi sita ama saba.